Mguu wa Shemeji Yangu

Kwa misimu mitatu mimi na shemeji yangu tulilima mashamba yanayopakana bila kupeana salamu. Dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga, lilikuwa upande wa juu, langu upande wa chini, hatua kama mia mbili hivi, na katikati mpunga mtupu. Kukitulia nilimsikia akikohoa. Alfajiri nilisikia sufuria yake ikigonga mafiga. Nilijua hata siku alizoishiwa chumvi, maana aliwapigia kelele wapita mtoni wamletee. Naye bila shaka aliyajua yangu. Lakini salamu haikuwepo, hata ya Idi.

Tulifikishana hapo baada ya kufa mume wangu, aliyekuwa kaka yake mkubwa. Hatukujaaliwa mtoto. Eda yangu ilipokwisha tu, shemeji alikuja na wazee wawili wa ukoo, wakaketi ukumbini, wakasema shamba la delta ni la ukoo na mimi nimebaki mgeni. Nikawaambia, "Miaka kumi na tisa nimeinama humo. Nyie mlikuwa wapi?" Wazee wakatazamana, wakagawa. Yeye akapewa upande wa juu wenye udongo mzuri. Mimi nikapewa upande wa chini, unaoingia maji ya chumvi siku za bamvua, bahari inapojaa mno na kupwa mno, na wenye kaa wanaokata miche kama wamepewa kazi hiyo. Nilikubali. Sikuwa na mtu wa kusimama nami.

Mwaka uliofuata serikali ya kijiji ilitakiwa kutoa jina la mtu wa kwenda Kibiti kujifunza huduma ya kwanza. Wenye watoto walikuwa na watoto, wenye waume walikuwa na waume. Mwenyekiti akaja mpaka kwangu. "Wewe mama una nafasi," akasema. Ndivyo nilivyochaguliwa: kwa sababu sikuwa na mtu wa kumpikia.

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu. Aliyetufundisha alikuwa nesi mdogo, angeweza kuwa binti yangu, mwenye sauti ya kuamuru. Alichukua kipande cha godoro la sponji, akakichana kwa wembe, akapitisha mpira mwembamba ndani yake, na nyuma yake mtu akawa anakamua mfuko wa juisi ya rozela. Juisi ikaruka kama damu ya mtu. Sisi wanawake tukacheka. Yeye hakucheka.

"Bonyezeni," alisema. "Viganja viwili, mikono iliyonyooka, uzito wote. Msibembeleze kama mnapapasa tumbo la mtoto."

Tukabonyeza. Kila mmoja baada ya muda aliinua kitambaa kuchungulia, na kila alipochungulia rozela ikaruka upya. Akatupiga vidole. Kitambaa hakiinuliwi, alisema. Kikilowa, ongeza kingine juu yake, na endelea kubonyeza. Usiweke majivu, usiweke ugoro, usiweke unga wa kahawa wala mafuta ya taa. Na kama ni mkono au mguu, na damu imekataa kusimama, ndipo unafunga juu ya kidonda, vidole vinne hivi kutoka hapo, sio kwenye kiungo. Kitambaa kipana, sio kamba wala waya. Unapitisha kijiti, unazungusha mpaka damu isimame.

"Mgonjwa atalia kabla damu haijasimama," alisema. "Msimsikilize yeye. Itazameni damu. Halafu andikeni saa, na msilegeze mpaka afike kwa daktari."

Bibi mmoja wa upande wa Ikwiriri akauliza, "Na mguu ukifa je, mwanangu?"

Nesi alifikiri kidogo. "Mguu unaweza kufa, bibi. Lakini mtu akifa, mguu nao unakufa."

Nilirudi delta na mkoba mmoja na cheti. Mkoba ulikuwa na bandeji, glovu na mkasi. Kwa mwaka mzima niliwafunga watu vidole vilivyokatwa na mundu na nyayo zilizochomwa na mizizi ya mikoko. Bandeji zikaisha, mkasi ukaazimwa na haukurudi. Watu wakaanza kunisalimu kwa cheo, "Daktari," kwa utani lakini kwa wema. Mkoba ulikuwa umebaki na jozi moja ya glovu siku ile shemeji alipojikata.

Ilikuwa asubuhi, siku za bamvua, maji yakiwa yamekwisha kupwa. Mpunga ulikuwa umefika gotini, nami nilikuwa napalilia. Yeye alikuwa ukingoni mwa mto akikata nguzo za msinzi, mkoko mgumu, za kutengeneza dungu lake, na shoka lake nililisikia tangu jua lilipotoka. Lilipiga kwa mpangilio. Kisha likapiga pigo moja bovu, lisilo na mwangwi, na kukawa kimya.

Nilinyanyua kichwa. Sitaficha: nilisimama pale pale. Nilingoja nisikie shoka likiendelea, ili nami niendelee na magugu yangu. Halikuendelea. Ndipo nikasikia, "Shemeji!"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa misimu mitatu. Nikatupa jembe nikakimbia.

Alikuwa ameketi juu ya mizizi, mguu wa kushoto mbele yake, ameushika kwa mikono miwili chini kidogo ya goti, upande wa ndani. Shoka lilikuwa limeteleza kwenye gome lililolowa. Alikuwa amekwisha kupaka tope juu ya jeraha, na damu ilikuwa inalisukuma tope lile nje kwa mapigo, kidogo, tena kidogo, nyekundu ya kung'aa. Kidimbwi cha maji karibu yake kilikuwa kimeshabadilika rangi.

"Nimejikata kidogo," alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Lala."

"Nipeleke dunguni kwanza."

"Lala hapo hapo!"

Nilimsukuma kifuani akalala chali juu ya mizizi na majani. Nilivua kanga ya begani, nikaikunja, nikaitia ndani ya jeraha lenyewe, maana lilikuwa refu na lilikuwa na kina, nikabonyeza. Mikono iliyonyooka, uzito wote. Glovu zilikuwa dunguni na sikuzifikiria hata mara moja. Nilihesabu kimoyomoyo kama tulivyofundishwa, ili nisichungulie. Kanga ikalowa. Nikavua ya kichwani nikaiweka juu yake. Nilikuwa kichwa wazi mbele ya shemeji yangu, na hakuna kati yetu aliyelijali hilo. Kanga ya pili nayo ikaanza kulowa, ukingoni kwanza, kisha katikati. Damu ilipita kati ya vidole vyangu ikiwa na joto. Nilikuwa sijui kwamba damu ya mtu ina joto namna ile.

Nilijua ilikuwa imekataa.

Niliweka goti langu juu ya zile kanga, nikalielemea kwa uzito wangu wote, na mikono yangu ikawa huru. Shati lake alikuwa amelitundika kwenye tawi. Nikalivuta, nikalichana kwa makali ya shoka lile lile, nikapata utepe mpana wa vidole vitatu. Kidonda kilikuwa karibu mno na goti, kwa hiyo nikafunga juu ya goti, pajani. Nikachukua kijiti katika matawi aliyoyapogoa, nikakifunga juu ya fundo, nikazungusha. Mzunguko wa kwanza hakusema kitu. Wa pili akakunja uso. Wa tatu akapiga ukelele hata ndege wakaruka mpungani. Nikatazama damu. Ilikuwa bado. Nikazungusha wa nne.

Ikasimama. Nilifunga ncha ya kijiti kwa pindo la shati kisifunguke, nikakaa chini matopeni.

Simu yangu ya kitochi ilikuwa imening'inia kwenye nguzo ya dungu, mahali pekee penye mtandao. Nilikimbia nikaichukua, nikachukua na blanketi, jamvi na kipande cha mkaa mekoni. Nilimpigia mwenye boti ya injini kijijini.

"Shemeji yangu amejikata kwa shoka. Damu nyingi. Njoo sasa hivi."

"Boti imekaa kwenye tope, mama. Mto wote umekauka. Mpaka saa saba."

"Saa saba ni mbali!"

"Maji siyaamrishi mimi, mama."

Kijijini kwa miguu kulikuwa na vijito viwili vya kuvuka, na wakati wa kupwa kila kimoja ni tope la kiunoni. Watu wanne wasingeweza kumbeba mgonjwa humo. Nikajua, na yeye aliyekuwa akinisikiliza akajua, kwamba tumebaki wawili mpaka bahari irudi.

Nikaandika kwenye paji la uso wake kwa mkaa: saa mbili na dakika ishirini.

"Unaniandika nini?" aliuliza.

"Saa."

"Ya kufa?"

"Ya kufunga."

Nikamfunika blanketi, nikafunga jamvi juu ya matawi lipate kumkinga na jua. Nilikaa upande wa mguu wake, nikaegemea mzizi. Mto mbele yetu ulikuwa tope la kijivu linalometameta, na kaa wadogo wakitoka mashimoni wakipunga makucha. Sikupata kuona mahali pakubwa namna ile.

Saa ya kwanza alitulia. Saa ya pili alianza kusihi.

"Shemeji, legeza kidogo. Hauna hisia tena. Mguu unakufa."

"Haulegezwi."

"Kidogo tu, damu ipite, halafu ufunge tena."

"Ikipita haitarudi ndani, shemeji."

Kisha akaomba maji. Nesi alikuwa ametuambia tusimpe kitu mtu anayeelekea kupasuliwa. Nikalowesha pindo la gauni langu nikampangusa midomo. Akalinyonya pindo lile kama mtoto. Nikageuza uso.

Jua lilipopanda maumivu yalimzidi, na sauti yake ikabadilika. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyegundua jambo.

"Nimeelewa," alisema. "Unalipiza."

"Shemeji, nyamaza, unajichosha."

"Unalipiza shamba. Ulingoja siku kama hii. Mungu anakuona hapa, mwanamke wewe. Hata mtoto hakukupa, alijua roho yako."

Hapakuwa na mtu mwingine wa kuyasikia maneno yale, na labda ndiyo sababu yalinikaa vile. Ukitukanwa mbele ya watu, wapo watakaosema, "Mwacheni mama wa watu." Pale kulikuwa na kaa.

Nitasema jambo ambalo sijapata kulisema. Kuna muda, sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, mkono wangu ulikwenda kwenye kile kijiti. Alikuwa amefumba macho, anatetemeka, anaita mama yake aliyekwisha kufa. Na mimi nilijiuliza: je, ninakishika kijiti hiki kwa ajili ya damu yake, au kwa ajili ya upande wa juu wa shamba? Nilijikagua kama mtu anavyokagua kisima. Nilichokiona ndani hakikuwa safi chote. Nilitaka apone. Lakini palikuwa na kitu kingine kidogo, chini kabisa, kilichokuwa kikimsikiliza akisihi na hakikuwa na haraka.

Kwa ajili ya kile kitu nilitaka kulegeza. Nilitaka kujithibitishia kwamba mimi si mtu mbaya. Vidole vyangu vilishika pindo nililofungia kijiti. Halafu nikaziona zile kanga zangu mbili juu ya jeraha, zimekauka pembeni, zimegeuka rangi ya kahawia, hazitoi tone. Msimsikilize yeye, itazameni damu. Nikaondoa mkono, nikaukalia.

Baada ya hapo tulizungumza kidogo. Nadhani nguvu ya hasira ilikuwa imemwishia. Aliniuliza kama kaka yake aliteseka sana mwishoni, maana yeye alikuwa Dar na alifika siku ya maziko. Nikamwambia kweli, kwamba aliteseka siku mbili na siku ya tatu alilala. Akauliza, "Alinitaja?" Alikuwa amemtaja. Nilikuwa nimekaa na neno lile misimu mitatu kwa uchungu wa shamba, nikalitoa pale. "Alisema usiache kuswali, na usiuze mtumbwi wa baba yenu." Akalia bila sauti. Mtumbwi alikuwa ameshauuza.

Maji yalirudi taratibu, kwanza kama ulimi mwembamba katikati ya tope, kisha pande zote kwa pamoja. Saa saba na kidogo nikasikia injini. Mwenye boti alikuja na mwanamume mmoja, tukamwinua shemeji kwenye jamvi tukamlaza ndani. Mguu wake chini ya goti ulikuwa umegeuka rangi, baridi kama samaki. Mwenye boti alipouona alishtuka.

"Mama, fungua hii kitu. Unauua mguu."

"Endesha boti."

"Mimi nimeona watu waliofungwa hivi. Fungua apate damu!"

"Akifungua mtu kitambaa hiki, atamfungulia na kaburi. Endesha."

Nilikaa sakafuni mwa boti, mkono wangu juu ya kijiti, mpaka bandari ya Nyamisati. Watu wakaona hivyo: mjane kichwa wazi, amejaa damu, ameshikilia kijiti, meno yameumana, na mgonjwa akisema kwa sauti iliyokwisha, "Mwambieni afungue." Ndivyo nilivyoonekana, na ndivyo habari ilivyosimuliwa baadaye.

Kutoka Nyamisati tulipata gari lililokuja kuchukua samaki. Kibiti tuliingia saa kumi na moja kasoro. Daktari alisoma paji la uso, akatazama saa yake, akatazama mguu.

"Nani amefunga?"

"Mimi."

"Umefunga vizuri," alisema. Lakini alisema huku akiinama, akifinya unyayo ambao haukujibu, na sauti yake haikuwa ya mtu anayesifu. Jioni ile ile walimpeleka Dar. Mkewe alikuwa ametufuata kutoka kijijini, akapanda naye gari la wagonjwa. Mimi nilibaki getini. Mama mmoja auzaye chapati alinitazama, akaingia ndani ya kibanda chake, akatoka na kanga iliyofifia. Akanitupia begani bila kuuliza, akarudi kwenye chuma chake. Sikupata hata kumuuliza nitairudishaje.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Habari ilifika kijijini kabla ya wiki kwisha, na pamoja nayo habari ya pili, kwamba mjane alilipiza kisasi cha shamba.

Hakuna aliyenijia kunieleza. Niliitambua kisimani. Niliposogea mazungumzo yalikoma, mtu akauliza habari za ndege mpungani. "Daktari" likakoma pia. Mama mmoja ambaye mwanawe alikanyaga mundu alipita mlangoni kwangu amembeba, kanga ya mtoto inavuja damu, akaenda zahanati kwa mguu, mwendo wa saa nzima. Nilitoka nikamwita. Alisema, "Ahsante, tunakwenda mbele," kwa adabu kabisa. Nilirudi ndani nikakaa karibu na mkoba. Mwenyekiti naye alinikwepa, na sikumlaumu. Kaka yake alikuwa amemwoa binamu wa shemeji.

Nilivuna peke yangu mwaka ule. Kwa kawaida wanawake husaidiana, leo kwako kesho kwangu. Kesho yangu haikuja. Ndege walikula walichokula. Mara nyingine siku mbili zilipita bila kutumia sauti yangu, nikajikuta nasema "Bismillah" kwa nguvu wakati wa kula ili nijue bado ipo. Nilijiuliza ningefanya nini tena. Jibu lilikuwa lile lile kila mara, na halikunifariji.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwepo shahidi mmoja, naye yuko hai, na haneni. Nilisikia amerudi kijijini na magongo. Nilisikia amekaa nje ya nyumba yake na watu wanakwenda kumpa pole. Sikwenda. Nilisema nitakwenda Ijumaa, na Ijumaa ikapita. Nilipanga maneno, nikayapangua.

Alikuja yeye. Miezi ilikuwa imepita, maji yakiwa yamejaa mpaka chini ya dungu langu. Nilikuwa natwanga. Mtumbwi ulisogea, shangazi yake mmoja akipiga kafi, naye ameketi katikati, magongo yamelazwa ubavuni. Hakuweza kupanda ngazi. Nikashuka mpaka daraja la mwisho, miguu majini.

"Assalaam alaykum, shemeji."

"Waalaykum salaam."

Shangazi akageukia mto, akajifanya anatazama samaki.

"Nilikusihi ulegeze," alisema.

"Ulinisihi."

"Nilikutukana."

"Ulinitukana."

"Yale ya mtoto." Akashika ukingo wa mtumbwi, akautazama. "Daktari wa Dar aliniambia siku ya pili tu. Alisema mshipa mkubwa ulikatika kabisa, na mguu ule hata ungefungwaje usingepona kwa umbali ule. Alisema aliyefunga angelegeza mara moja, ningeletwa nimefunikwa. Siku ya pili, shemeji. Nimekaa nalo miezi mitano."

"Kwa nini?"

"Kila aliyekuja kunipa pole alinipa na mtu wa kumlaumu. Ilinipunguzia."

Nilitamani kumwambia nimekwisha msamehe. Nilikuwa natafuta maneno hayo kwa asubuhi nyingi, lakini hayakuja. Nikasema, "Mimi nilivuna peke yangu."

"Najua. Nilikuwa naulizia."

"Uliulizia, hukusema."

"Sikusema," alikubali.

Nilipanda juu nikawaletea uji. Wakanywa mtumbwini. Alipokuwa anarudisha bakuli aliomba jambo moja: nimwonyeshe mkewe namna ya kufunga, na kubonyeza. Nilisema aje siku yoyote.

Ijumaa ile shemeji aliomba ruhusa ya kusema msikitini baada ya swala. Sikuwepo, wanawake hawakuwepo, lakini nililetewa maneno yake na watu watatu tofauti, kila mmoja na namna yake. Wote walikubaliana kwamba alianza kwa, "Mimi nimemdhulumu mtu." Kesho yake mkewe alikuja, na pamoja naye wanawake sita. Tulitumia godoro langu kuukuu na juisi ya ukwaju, kwa kuwa rozela sikuwa nayo. Walipochungulia chini ya kitambaa niliwapiga vidole. Walicheka, nami nikajaribu kucheka. Yule mama wa mtoto aliyekanyaga mundu alikuwa miongoni mwao. Alibonyeza kwa nguvu kuliko wote, ameinamisha kichwa, na hakunitazama usoni mpaka alipoaga.

Msimu uliofuata walirudi kunisaidia kupandikiza. Siwezi kusema yalirudi yote. Mtu akishakukwepa mara moja, unajifunza kuangalia miguu yake kabla ya uso wake, uone inaelekea wapi.

Shemeji hakuweza tena kulima. Gongo likizama topeni halitoki. Alihamia Kibiti na mkewe, amepata kibanda cha kushona nguo, mashine ya kukanyaga kwa mguu mmoja. Upande wa juu wa shamba alisema niuchukue wote, mbele ya wazee wale wale. Niliuchukua. Ninaulima nusu tu; nguvu zangu haziutoshi.

Mwaka huu niliitwa Kibiti kwa mafunzo ya kujikumbusha, na siku ya mwisho nikapita kwake. Alikuwa amenenepa kidogo. Kijana mmoja alikuja kuchukua suruali, shemeji akamwambia, "Msalimie huyu, ndiye dada yangu." Mkewe alipika wali na samaki wa nazi, akanitandikia kitanda cha uani kwa shuka mpya, akaninyang'anya hata mkoba wangu. "Leo hulali njiani, dada. Utalala hapa, kesho ndiyo uende."

Nilisema mpunga umeanza kuiva na ndege hawangoji. Ilikuwa kweli. Wakasisitiza, nikasisitiza, mpaka shemeji akanyanyua mkono akasema niachwe. Alinisindikiza kwa magongo mpaka barabarani, akasimama nami juani, akamwambia kondakta aniwekee kiti cha mbele.

Gari lilipoondoka nilimwona akigeuka, akichagua mahali pa kuweka gongo kati ya mashimo ya lami. Nilifika njia panda ya Nyamisati kabla sijakubali moyoni mwangu kwamba nilitaka kulala pale, kwenye ile shuka mpya, nisikie watu wakizungumza upande wa pili wa ukuta. Kondakta aliuliza kama nashuka. Nikashuka, nikashika njia ya bandarini.